Kila Mtu Ana Kwao? Majibu Niliyobaki Nayo Njiani Kwenda Hirbadaw

Gari lilitoka Katesh saa nane mchana likiwa limejaa mpaka mlangoni. Juu ya keria kulikuwa na bati kumi na mbili zimefungwa kwa kamba ya katani, na hizo bati ndizo zilizozua maneno. Abiria mmoja aliuliza ni za nani. Mwenyewe akajibu ni zake, anamalizia kupaua. Kijana aliyeketi karibu na dereva akageuka nyuma akamwambia: "Wewe unahangaika na bati, wenzako wa Waret wamejengewa." Kuanzia hapo hadi tunashuka Hirbadaw watu walisema yote yaliyokuwa mioyoni mwao kuhusu nyumba, serikali, na wanaostahili kusaidiwa.

Kwenye kiti cha nyuma ya dereva alikaa mama wa makamo. Alikuwa kimya, lakini kila baada ya muda alishika fundo lililokuwa kwenye ncha ya kanga yake, analibonyeza kwa vidole viwili, analiachia. Kondakta alipofika kudai nauli, mama akalifungua. Ndani mlikuwa na noti mbili zilizokunjwa mara nne, na funguo mbili mpya zenye kibandiko cha namba ambacho hakijaanza hata kuchubuka. Alikuwa mmoja wa hao "wenzako wa Waret", anakwenda Hirbadaw kumwona dada yake. Alilipa, akafunga fundo lake, akatazama nje. Hakuwajibu neno, na mimi niliyekaa pembeni yake sikuwajibu neno pia. Hilo limenikaa moyoni. Haya ninayoandika hapa nilipaswa kuyasema siku ile.

Kwa asiyejua habari yenyewe: Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri kuelekea asubuhi, kipande cha Mlima Hanang kilimeguka baada ya mvua kubwa. Tope lililobeba mawe na magogo likashuka kwa kufuata mkondo wa mto Jorodom, likapita Gendabi na Jorodom, likaingia Katesh mjini. Watu 89 walipoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, akakatisha safari akarudi. Waliopona walilala madarasani, wengine wakachukuliwa na ndugu. Mwaka uliofuata vijana wa SUMA JKT walijenga nyumba za waathirika Waret, baadhi zikiwa mchango wa Chama cha Msalaba Mwekundu, na Desemba 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakabidhi nyumba 109.

Nyumba 109 kwa kaya 109, bila kuuliza nani mchapakazi na nani mlevi. Aliyekosa paa amepewa paa kwanza, mambo yake mengine atayapanga akiwa ndani. Ninachokitetea ni kwamba jambo tulilolifanya Waret kwa sababu ya msiba liwe utaratibu wa nchi nzima kwa kila aliyepoteza makazi, hata kama hakuna kamera iliyomfikia. Sasa nijibu waliyosema garini.

"Tanzania hakuna asiye na makazi. Kila mtu ana kwao."

Hili lilisemwa na mzee mmoja kwa upole, na karibu gari zima lilimuunga mkono. Nami nalichukulia kwa uzito kuliko mengine yote, kwa sababu linatoka mahali pazuri. Tumelelewa kuamini kwamba mambo ya mjini yakikushinda unarudi kijijini, na huko kuna shamba la baba na kibanda cha bibi. Kwa wengi wetu ni kweli. Lakini wanaosema hivyo mbele ya Hanang wamesahau tumesimama wapi.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 tambarare za Basotu zilianza kulimwa ngano chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Mashamba yakafika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Waret. Kwa pamoja yalifika karibu ekari 100,000. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa malisho, visima na maboma ya Wabarabaig. Watu waliondolewa, nyumba zikachomwa, njia za kwenda majini zikafungwa, na trekta zikalima juu ya makaburi. Wenye makaburi hayo walikuwa wakijua kila moja ni la nani.

Walikwenda mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw na wakazi 67 waliishtaki NAFCO, na mwaka 1984 Mahakama Kuu Arusha ikawapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua. Sababu moja iliyotolewa inapaswa kukumbukwa na kila anayesema kila mtu ana kwao: wadai, ilielezwa, hawakuwa wamethibitisha kwamba ni wenyeji kwa maana iliyotumiwa na sheria. Mtu amezaliwa hapo, amemzika baba yake hapo, na bado ameshindwa kuthibitisha kuwa ni wa hapo. Mwaka 1987 ikatolewa amri ya kufuta haki za kimila za ardhi katika eneo hilo, na mwaka 1993 malalamiko yalikuwa yamezidi kiasi kwamba serikali ikaunda tume chini ya Jaji Robert Kisanga kuchunguza ukiukwaji wa haki za binadamu kwenye mashamba hayo.

Kwa hiyo "kwao" si kitu kinachoota chenyewe kama nyasi baada ya mvua. Kinalindwa na sheria au kinaondolewa na sheria. Kwenye orodha ya mashamba saba rudia kusoma jina la mwisho: Waret. Jina lililokuwa la shamba la ngano ndilo leo linalotajwa kila zinapotajwa nyumba za waliookoka kwenye tope. Katika umri wa mtu mmoja, dola ileile iliwaondoa watu kwenye makazi yao upande huu wa mlima, na ikawapa wengine makazi. Nani basi atathubutu kusema kwamba suala la nani ana kwao haliihusu serikali?

Kuna jambo jingine ambalo mzee wetu hakulitaja. Hata pale ambapo kwao kupo, hakuna chumba. Yule mama alikuwa amehifadhiwa na dada yake Hirbadaw. Tulipokuwa tumebaki wachache garini alinihesabia kwa vidole mahali alipolala kati ya Desemba 2023 na siku aliyopewa funguo: darasani, kwa shemeji yake Endasak, kwa dada yake, chumba cha kupanga alichoshindwa kulipia, kisha kwa dada yake tena. Mara tano. Alisema shemeji hakuwahi kumfukuza. Alijua tu wakati wa kuondoka umefika siku alipoona sufuria ya uji imeanza kupikwa mapema kabla watoto wake hawajaamka. Wahenga walishaliona hili waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa tayari kupewa jembe. Alichokosa ni mahali pa kulirudisha jioni.

Na sensa yetu inajua. Katika usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 makarani walikuwa na utaratibu wa kuwahesabu wanaolala vituo vya mabasi, barazani kwa maduka na chini ya madaraja. Nchi isiyo na wasio na makazi isingewaandalia utaratibu wa kuwahesabu.

"Wamejitakia. Nani alimwambia mtu ajenge kwenye njia ya maji?"

Hili lilisemwa kwa ukali, na yule mama akiwa amekaa hapohapo.

Wataalamu wa miamba walipochunguza walieleza kwamba haikuwa volkano: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujizuia, ikamomonyoka. Hanang una zaidi ya mita 3,400, na watu wamekaa miguuni pake vizazi kwa vizazi kwa sababu ndiko kwenye maji na udongo mzuri. Aliyejenga Jorodom hakuwa akicheza kamari. Alijenga palepale soko lilipojengwa, palepale barabara ilipopitishwa. Tope halikuchagua nyumba za wakaidi, liliingia mpaka madukani katikati ya mji.

Lakini tuseme, kwa hoja tu, kwamba walikosea. Halafu? Tumeshajaribu njia ya kuwaadhibu waliojenga mabondeni, na matokeo yake yapo. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu na kusomba nyumba za bonde la Msimbazi. Mwanzoni mwa 2012 waathirika walipelekwa Mabwepande wakapewa viwanja na mahema. Kiwanja na hema si nyumba. Kazi zao zilibaki mjini, nauli ikawa mzigo, na baadhi waliuza viwanja vyao wakarudi karibu na mto. Desemba 2015 yakaja matingatinga na alama za X nyekundu ukutani, nyumba za bondeni zikabomolewa, na miaka iliyofuata watu walikuwa bado bondeni. Mtu hatoki hatarini kwa kuvunjiwa paa. Anatoka anapokuwa na paa jingine la kwenda.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya Mabwepande na Waret, na tofauti hiyo ndiyo sera nzima ninayoizungumzia. Wa Mabwepande waliambiwa wajenge wenyewe kwa nguvu ambazo maji yalikuwa yameshazichukua. Wa Waret walikuta ukuta umesimama, mlango una kitasa.

"Mang'ati hajui nyumba. Ni mtu wa kuhama."

Nilidhani neno hili limekufa. Halijafa.

Kwanza, Mang'ati ni jina walilopewa na jirani aliyekuwa akipigana nao. Wenyewe ni Wadatooga, na wa huku kwetu ni Wabarabaig. Pili, kwenye boma la Mbarabaig kila mke ana nyumba yake, na mwanamume anajua kwamba ile ni nyumba ya mama fulani. Kuna jamii nyingi zinazojisifu kwa ustaarabu ambazo hazijampa mwanamke hata hilo. Tatu, mzee mwenye heshima akifariki hufanyiwa bung'ed, kilima cha kaburi kinachojengwa kwa siku nyingi na watu wengi, na wajukuu wanapalinda mahali hapo. Watu wasiokuwa na mahali hawajengi makaburi ya namna hiyo. Kuhamisha ng'ombe kufuata majani wakati wa kiangazi ni ratiba ya kazi, kama vile mvuvi anavyokwenda dago na kurudi.

Na tukumbuke kilichochomwa Basotu. Huwezi kuchoma nyumba ya mtu asiyejua nyumba.

"Ukimpa mtu nyumba ya bure unamfanya mvivu."

Mwenye bati ndiye aliyesema hili, na namwelewa kuliko wote. Amedunduliza miaka. Kila bati ina jina la mbuzi aliyemuuza au msimu wa alizeti alioupalilia kwa mkono. Ukisikia jirani amekabidhiwa funguo bila kutoa jasho, roho inauma, na sitamwambia mtu kwamba roho yake isiume. Lakini hoja yake inapimika, na imeshapimwa.

Jijini New York mwaka 1992 Sam Tsemberis alianzisha shirika lililowachukua watu wanaolala barabarani, wengi wao wagonjwa wa akili, likawapa nyumba moja kwa moja bila kuwataka kwanza waache pombe au wapone. Watu wa ustawi wa jamii walitegemea nyumba zile zitakuwa magofu baada ya miezi. Wengi wa waliopewa walibaki ndani. Finland iliufanya utaratibu huo kuwa sera ya taifa kuanzia mwaka 2008: ikageuza mabweni ya muda kuwa nyumba za kupanga zenye mikataba, na kuweka watu wa kuwasaidia wapangaji palepale. Katikati ya miaka ya 1980 Finland ilikuwa na watu wapatao 20,000 wasio na makazi. Kufikia 2022 walikuwa wamepungua chini ya 4,000.

Jaribio linalonigusa zaidi ni la Kanada, nchi ileile iliyoleta trekta za ngano Basotu. Kati ya 2009 na 2013 ilifanya utafiti mkubwa katika miji mitano, Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montreal na Moncton, kwa zaidi ya watu 2,000 waliokuwa hawana makazi na wana maradhi ya akili. Kundi moja lilipewa nyumba kwanza, jingine likaachwa na huduma za kawaida. Katika miezi sita ya mwisho, asilimia 62 ya waliopewa nyumba kwanza walikuwa na makazi muda wote. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 31. Nasema ukweli wote: nyumba haikuwatajirisha, na wala haikumpa kazi kila mtu. Ila hakuna aliyeonyesha kwamba iliwafanya wavivu. Ingekuwa heri kama somo hilo la kwao lingetangulia kabla ya msaada waliotuletea Basotu.

Lakini hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Nilimuuliza mama yule siku yake ilikuwaje alipokuwa darasani. Alisema asubuhi anapanga foleni ya maji, baadaye foleni ya chakula, mchana anasubiri kuandikwa jina, jioni anasubiri kuitwa jina. Hakuwa na mahali pa kufungia jembe. Mbegu alizopewa alizilalia kama mto wa kichwani ili zisiibwe. Ni kazi gani atafanya mtu ambaye hawezi kuacha kitu chake mahali akakikuta? Sasa, aliniambia, anaamka saa kumi na moja. Amepanda mboga nyuma ya jiko na amekodi robo eka ya mtu. "Nikitoka nafunga," alisema, akagusa tena lile fundo la kanga. "Nikirudi nakuta."

Kwa mwenye bati nina neno moja zaidi. Yeye naye anastahili sera. Anajenga kwa mbuzi na alizeti kwa sababu hakuna mkopo wa nyumba unaomfikia. Tulikuwa na Benki ya Nyumba Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na tukaiona ikifa mwaka 1995. Taasisi zilizofuata zinamtazama mwenye mshahara na hati, na yeye hana vyote viwili. Hasira yake ni ya haki, ila ameielekeza kwa jirani aliyepoteza kila kitu, ilhali wanaopaswa kumjibu ni wale waliomwacha ajenge nyumba bati kwa bati kwa miaka tisa.

"Serikali haina fedha za kujengea kila mtu."

Hakuna aliyesema kila mtu. Takwimu inayotajwa kila mwaka bungeni na kwenye semina ni upungufu wa nyumba milioni 3, unaoongezeka kwa nyumba 200,000 kila mwaka. Namba hiyo inatisha, na kwa kweli imekuwa kisingizio. Inachanganya mtu anayeishi nyumba ya udongo inayovuja na mtu asiye na nyumba kabisa. Wa kwanza anahitaji mkopo, hati na bei nafuu ya saruji. Wa pili anahitaji mlango, na anauhitaji leo. Ukiwatenganisha hawa wawili, kundi la pili linakuwa dogo kiasi cha kubebeka.

Tena tumeshathibitisha kwamba tunaweza. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, miezi michache baada ya uhuru, na nchi ikiwa maskini kupita ilivyo sasa kwa kila kipimo. Waret ilijengwa ndani ya mwaka mmoja. Wakenya wameamua kukata asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mwajiriwa, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho, kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Wanagombana kuhusu tozo hiyo mpaka leo, na wana haki ya kugombana. Ila wanagombana kuhusu namna ya kulipa. Katiba yao ya 2010, ibara ya 43, imeshamaliza swali la kama makazi ni haki. Yetu inalinda mali ya mtu aliye nayo. Kwa asiye na paa haijasema lolote.

Kuchelewa nako kuna gharama. Magomeni Kota, Dar es Salaam, kaya 644 ziliondolewa mwaka 2011 ili nyumba zao chakavu zijengwe upya. Zilirudi Machi 2022, magorofa yalipozinduliwa. Miaka kumi na kitu. Mtoto aliyetoka pale akiwa darasa la kwanza alirudi amemaliza shule. Sijui nani anaweza kukaa chini akaandika gharama ya miaka hiyo kwenye bajeti, lakini familia hizo zililipa, chumba kwa chumba, kodi ya miezi sita kwa kodi ya miezi sita, na dalali katikati. Zilirudishwa, na hilo ni jambo kubwa linalostahili kusifiwa. Zingejengewa kwanza ndipo zihamishwe, kusingekuwa na cha kurudishwa.

"Basi si wamejengewa? Yameisha."

Kijana wa mbele alimalizia hivyo tulipokaribia kushuka, na watu wakakubali kwa uchovu wa safari.

Hayajaisha. Finland, ambayo nimeisifu hapo juu, ilipobana ruzuku za makazi ikaona mwaka 2024 idadi ya wasio na makazi ikipanda tena baada ya kushuka kwa miaka mingi. Sera ya makazi ni kama ng'ombe wa maziwa, ukiacha kumlisha anakauka. Sisi hatujafika hata hapo. Tuna Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Makazi ya mwaka 2000, tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022. Ya kwanza inazungumzia makazi bora kwa wote kwa mapana yake, ya pili inazungumzia siku ya janga. Katikati yake wanaanguka watu: mjane aliyetolewa kwenye boma na ndugu wa mume, mpangaji ambaye nyumba iliyosombwa haikuwa yake kwa hiyo hana cha kufidiwa, mzee aliyekwenda kutibiwa Haydom akarudi akakuta kiwanja kimeuzwa, kijana wa Hirbadaw anayelala barazani Babati akisubiri kubebeshwa mizigo. Hakuna mlima uliowaangukia. Walianguka mmojammoja, kimyakimya, na kwa hiyo hakuna Waret yao.

Ninachotaka kinaweza kuanza bila kusubiri Dodoma. Kila kijiji kina daftari la wakazi, na kila mtendaji anajua namna ya kulijaza: jina la mkuu wa kaya, wategemezi, mifugo. Liongezwe safu moja ya kuandika nani analala kwa nani, na tangu lini. Mama yule angeandikwa humo mara tano. Halmashauri ikikusanya safu hizo itajua kata hii ina wangapi, na serikali kuu ikikusanya za halmashauri itajua inajenga ngapi, wapi, na kwa mwaka gani. Kisha sheria iseme kwamba aliyeandikwa humo kupita muda fulani ana haki ya kudai mahali, na kwamba hakuna anayeondolewa palipo na hatari, au palipo na mwekezaji, kabla mlango wa kwenda haujafunguliwa.

Tuliposhuka Hirbadaw dada yake alikuwa amesimama kando ya barabara, mtoto mgongoni. Hawakukumbatiana kwa muda mrefu. Mama alifungua fundo, akatoa funguo moja kati ya zile mbili, akampa dada yake. Dada alikataa, akasema hana kazi nayo, yeye ana kwake. Mama akaishika mikono yake akamfunga vidole juu ya funguo ile, akamwambia ulinipa chako wakati sina, na hiki ni chako pia.

Wakaondoka wakifuata kijia kinachopanda kuelekea kwa dada. Kondakta alikuwa juu ya keria anafungua kamba, anashusha bati moja moja kwa uangalifu zisipinde, na mwenye nazo anazipokea chini.